"Mwisho Mkubwa" au "Kuu Kwanza"? Uhakiki wa istilahi za mpango wa baiti

Mfasiri wa vitabu vya kompyuta hupambana na maneno ya namna mbili. Yapo yaliyo magumu na yanayojulikana kuwa magumu. Hayo hayamdhuru mtu, maana kila anayekutana nayo husimama, huuliza, hufungua kamusi. Yapo mengine yaonekanayo mepesi, ambayo kila sehemu yake ina neno la Kiswahili lililo tayari mkononi, na mfasiri huyapita mbio kana kwamba yamekwisha kufasiriwa. Haya ndiyo ya hatari. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki jozi moja ya maneno ya namna hii ya pili, nayo ni yale majina mawili ya Kiingereza yanayotaja mpango wa baiti katika kumbukumbu ya kompyuta. Yakifasiriwa neno kwa neno hutoa "mwisho mkubwa" na "mwisho mdogo". Madai yetu ni kwamba fasiri hiyo husema kinyume cha maana iliyokusudiwa. Tutaipima katika kazi ambamo kinyume hicho huifisha mashine, yaani pale kiini cha mfumo mmoja wa uendeshaji kinapokiamsha kiini kingine na kukiachia kila kitu.

Kwanza jambo lenyewe. Baiti ni fungu la biti nane, na baiti moja yaweza kushika hesabu kuanzia 0 hadi 255, basi. Hesabu iliyozidi hapo huhitaji baiti mbili, nne au nane zilizopangwa pamoja, kama sisi tunavyohitaji tarakimu ya pili tukishapita tisa. Tuchukue elfu moja. Elfu moja ni 256 mara tatu, na 232 juu yake. Kwa hiyo huandikwa kwa baiti mbili, moja ikiwa na 3 na nyingine ikiwa na 232. Mwalimu wa darasa la pili angesema kwamba ile 232 imo katika nafasi ya mamoja, na ile 3 imo katika nafasi inayofuata juu yake, ambayo kwetu ingekuwa ya makumi na kwa kompyuta ni ya mafungu ya 256. Kumbukumbu ya mashine nayo ni safu ndefu ya vyumba, kila kimoja na anwani yake, na kila chumba hukaa baiti moja. Swali lililobaki ni hili tu: katika baiti zetu mbili, ni ipi itakayowekwa katika chumba cha kwanza, chenye anwani ndogo zaidi?

Mashine za ukoo wa IBM System/360, uliotangazwa mwaka 1964, huanza na 3. Prosesa za ukoo wa Intel huanza na 232. Hakuna njia iliyo kosa kati ya hizi. Kosa huja pale maandishi ya mmoja yanaposomwa na mwingine, kwa maana msomaji huyo wa pili ataiona 232 katika nafasi ya juu na 3 katika mamoja, naye atatangaza bila kusita kwamba hesabu ni 59,395. Mhasibu wa Serikali hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Na hesabu ya moja, ikiandikwa kwa baiti nne na kusomwa kinyume, huwa 16,777,216.

Wasomaji wasidhani kwamba hili ni jambo la mitambo peke yake. Kiswahili husema ishirini na tano, kikianza na makumi na kumalizia na mamoja. Kijerumani husema tano na ishirini. Kiarabu vilevile hutanguliza tano, na mtoto wa pwani aliyesoma chuoni huvuka kutoka mpango mmoja hadi mwingine bila kuumwa kichwa. Tarehe ni hivyo hivyo: sisi huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka, kanuni ya kimataifa huanza na mwaka, na Wamarekani huanza na mwezi, wakafuatisha siku, wakamaliza na mwaka, mpango ambao hauanzi juu wala chini. Karani akipokea barua yenye tarehe 4/1/1980 hana budi kwanza kujua imetoka nchi gani.

Tarehe hiyo hatukuichagua ovyo. Kwa Mmarekani ni tarehe 1 Aprili 1980, na ndiyo iliyoandikwa juu ya makala ya Danny Cohen yaliyoyaingiza majina tunayoyahakiki katika taaluma ya kompyuta. Cohen, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mtaalamu wa mitandao katika Chuo Kikuu cha Southern California, na kwa kuwa siku hiyo ni sikukuu ya wajinga, msomaji alitazamia mzaha. Ulikuwamo. Aliwaona wahandisi wakigombana juu ya baiti ipi itangulie, akakumbuka kitabu cha Jonathan Swift cha mwaka 1726, ambacho wasomaji wa rika la zamani wanakijua katika Kiswahili cha Frederick Johnson kwa jina la Safari za Gulliver. Humo mna taifa la watu wenye kimo cha inchi sita, wanaopigana na jirani zao kwa sababu ya yai. Desturi ya kale ilikuwa kulivunja yai upande wake mpana. Mfalme akaamuru livunjwe upande mwembamba. Na Swift atuambia kwamba watu elfu kumi na moja walikubali kufa kuliko kutii. Walioshika desturi ya kale walipewa jina la upande ule mpana, na wapinzani wao jina la upande mwembamba. Cohen akayachukua majina yote mawili akawavika wahandisi.

Kama maandishi, makala ya Cohen ni mazuri, nasi hatuna nia ya kuyapunguzia heshima. Yalikipa jina kitu kilichokuwa kikizungumzwa kwa kuzungukazunguka, na jina hilo limekaa kwa zaidi ya miaka arobaini. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba uchaguzi wa mpango huu au ule si jambo zito. Zito ni watu wote kukubaliana kutumia mmoja. Lakini istilahi haipimwi kwa ucheshi wa aliyeibuni, bali kwa kazi inayofanya mikononi mwa mtu asiyekuwapo wakati wa mzaha. Mtu huyo hurithi jina bila yai, na mara nyingi hata Swift hamjui. Tena majina haya yamebeba ndani yake hukumu ya Cohen, kwamba ugomvi wenyewe ni wa kipuuzi kama ule wa mayai. Yawezekana ni kweli kwa mhandisi anayechora prosesa mpya. Si kweli kwa fundi aliye mbele ya mashine iliyonyamaza, na huyo ndiye asomaye kitabu kilichofasiriwa.

Kasoro iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, huonekana neno linapovuka mpaka kuja kwetu. Kiingereza kina neno moja kwa ncha ya kitu na kwa tamati ya jambo. Fimbo ina ncha mbili, na zote mbili huitwa kwa neno hilo, hata ile unayoishika. Yai nalo lina mbili. Mtu wa Swift aliyeitwa wa upande mkubwa ni yule aliyeanza kulivunja yai lake upande huo, yaani neno lile, katika hadithi na katika makala ya Cohen, hutaja mahali pa kuanzia. Kiswahili hakikuyachanganya mambo haya. Kina ncha, kina upande, kina kichwa na kitako. Na kwa tamati kina mwisho. Mwisho wa safari si mahali tulipopakilia mizigo. Mwisho wa mwezi, ambao kila mtumishi wa Serikali huungoja, hauwezi kuwa tarehe mosi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba mashine fulani hupanga baiti kwa "mwisho mkubwa", ataelewa, na atakuwa na haki kabisa kuelewa hivyo, kwamba ile kubwa imewekwa mwisho. Nayo katika mashine hiyo iko mwanzo.

Fasiri iliyo fumbo ingekuwa afadhali. Hii hufahamika upesi, na hufahamika visivyo.

Badala yake yako mapendekezo kadhaa ambayo mtu angeweza kuyatoa. La kwanza ni kutohoa, tukapata "endiani". Hatuna chuki na utohozi. Kompyuta lilimshinda ngamizi, na tarakilishi, japo limepokewa katika vitabu vya shule vya Kenya, halijaling'oa. Wasemaji walichukua sauti ya kigeni kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mezani, na aliyekiona hakuhitaji jina limweleze kitu. Mpango wa baiti haukai mezani. Hauonekani kwa macho wala haugusiki, na jina ndilo tochi pekee aliyonayo msomaji. Tukitohoa hapa tutakuwa tumeleta sauti na kuiacha maana ng'ambo, tena sauti yenyewe humvuta Mswahili kwenye kitenzi cha kwenda, ambacho hakihusiani hata kidogo.

Pendekezo la pili ni "kubwa kwanza" na "ndogo kwanza". Hili ni bora sana, maana limemaliza ule ugonjwa wa "mwisho" kwa kutaja kinachotangulia. Walakini turejee kwenye elfu moja yetu. Baiti inayoitwa kubwa ina 3 ndani yake. Ile inayoitwa ndogo ina 232. Mwanafunzi makini atauliza, kwa haki, mwalimu anapima nini. Baiti zote zina ukubwa mmoja wa biti nane, na thamani iliyo ndani ya kila moja yaweza kuwa yoyote. Kinachotofautiana ni cheo cha nafasi.

Kwa cheo Kiswahili kina neno, nalo ni -kuu. Barabara kuu yaweza kuwa nyembamba kuliko uwanja wa mpira, na katibu mkuu hubaki mkuu hata akiwa mfupi kuliko karani wake. Kwa nafasi ya chini kabisa tunalo neno ambalo shule za msingi zimekwisha kulisanifu bila kungoja baraza lolote: mamoja. Kwa hiyo twapendekeza kwamba mpango unaoanza na baiti ya nafasi ya juu uitwe mpango wa kuu kwanza, na unaoanza na baiti ya nafasi ya chini uitwe mpango wa mamoja kwanza. Baiti zenyewe ziitwe baiti kuu na baiti ya mamoja. Twajua kwamba yupo atakayesema kuwa mamoja lina maana nyingine, ya kutojali, kama mtu asemapo "kwangu ni mamoja". Ni kweli. Lakini mwalimu huliandika neno hilo ubaoni juu ya safu ya kulia ya tarakimu, na hakuna mtoto anayedhani kwamba safu hiyo haijaliwi. Atakayetoa neno bora kuliko hilo tutampisha njia. "Kwanza" ndilo tusilotaka liguswe.

Sasa tuyapime majina haya kazini. Katika shughuli nyingi programu hugeuza baiti zenyewe na mtumiaji asijue. Mtandao wa intaneti, mathalani, uliamua zamani kwamba anwani na hesabu za vichwa vya pakiti zake ziandikwe kuu kwanza, na kila kompyuta ya mamoja kwanza hugeuza inapotuma na hugeuza tena inapopokea. Iko kazi moja, walakini, ambayo hakuna wa kugeuza, kwa sababu mwenyeji ameondoka na mgeni hajaingia.

Kiini ni ile programu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, igawayo kumbukumbu, ipangayo zamu za prosesa na kusimamia vifaa. Kwa desturi kompyuta ikiwashwa, programu ndogo iliyotiwa ndani yake na watengenezaji huandaa vifaa, kisha mpakiaji hukitafuta kiini diskini na kukileta kumbukumbuni. Lakini tangu toleo la 2.6.13 la Linux, lililotoka mwaka 2005, kiini kilicho kazini chaweza chenyewe kukipakia kiini kingine, kikakirukia na kukiachia mashine, bila umeme kuzimwa. Hufanywa hivi ili kuokoa muda. Hufanywa pia kiini kinapoanguka, ambapo kiini cha akiba kilichowekwa pembeni huamka na kuokoa ushahidi wa kifo cha mwenzake ulio bado kumbukumbuni. Katika mashine nyingi za prosesa ya POWER8 ya IBM, zilizotoka mwaka 2014, hii ndiyo ilikuwa njia ya kila asubuhi: kiini kidogo cha Linux chenye programu iitwayo Petitboot huamka kwanza, humwonyesha mtumiaji orodha ya mifumo iliyomo diskini, kisha hukirukia kiini kilichochaguliwa.

Nazo prosesa za POWER zina sifa ya kufuata mipango yote miwili. Ndani ya rejista ya hali ya mashine iko biti moja, ya chini kabisa. Ikiwa 0 prosesa husoma kuu kwanza, ikiwa 1 husoma mamoja kwanza. Ukoo huo ulizoea kuu kwanza, na programu yake ya ndani ndivyo ilivyoandikwa. Katika miaka ya 2010 Linux ya mamoja kwanza ikaingia kwa nguvu. Ubuntu ya mwaka 2014, kwa mfano, ilitolewa kwa mashine hizo katika mpango huo tu. Basi yatokea kwamba kiini cha mpango mmoja hukirukia kiini cha mpango mwingine. Mgeni akifika, biti ile bado imekaa alivyoiacha mwenyeji. Kila amri ya POWER8 ni ya baiti nne, na mgeni akiisoma amri yake mwenyewe kinyume, hupata upuuzi. Hapatatokea hata neno moja la kueleza kosa, maana anayetakiwa kuliandika ndiye asiyeamka.

Dawa waliyoibuni waandishi wa Linux inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa sisi watu wa lugha tutaitambua. Pwani pana mchezo wa maneno wa tangu kale uitwao kinyume, ambao hata Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha Kiswahili katika karne ya 19: silabi ya mwisho huchukuliwa ikawekwa mwanzo, nyumba ikawa mbanyu. Maneno mengi yakigeuzwa hivyo huwa kelele tu. Machache hubaki maneno kamili yenye maana nyingine, kama lima likageuka mali, na kata likageuka taka. Amri ya kwanza ya kiini hicho imechaguliwa iwe ya jamii ya kata na taka. Ikisomwa sawasawa, baiti zake nne, kwa tarakimu za mfumo wa kumi na sita, ni 08 00 00 48, na maana yake ni kulinganisha hesabu mbili na kusimama iwapo sharti litatimia. Ila sharti lililowekwa haliwezi kutimia kamwe, kwa hiyo amri hiyo haifanyi kitu. Inayofuata huirukisha prosesa mbali, kazi ikaendelea. Ikisomwa kinyume, baiti zile zile huwa 48 00 00 08, na hiyo ni amri halali isemayo: ruka mbele baiti nane. Prosesa huiruka ile amri ya pili na kutua juu ya amri chache ambazo zimeandikwa kinyume makusudi, ili kwa msomaji wa kinyume ziwe sawasawa. Amri hizo huisoma rejista ya hali, huigeuza ile biti ya chini, kisha humrejesha msomaji kwenye njia iliyonyooka. Yote haya hufanyika kabla kiini hakijajua hata kiko wapi.

Tunathubutu kusema kwamba ubunifu huu umeifikia amani ambayo Cohen aliiomba asiipate. Yeye alitaka upande mmoja uchaguliwe. Amri hii haichagui. Inasema neno lenye maana kwa pande zote mbili, na kila mmoja hulisikia linalomfaa.

Kazi haiishii hapo. Mashine ina prosesa nyingi, kila moja na rejista yake, na kila moja inayoamka baadaye yapaswa kupitia mlango wenye amri ya namna ile ile. Wito wa dharura, ule unaomkatiza prosesa kazi yake, una biti yake nyingine inayoamua utahudumiwa kwa mpango gani. Kwa hiyo kiini cha mamoja kwanza kinachoondoka kwa hiari, kikiwa kimekwisha kuzuia miito hiyo, huirudisha biti hiyo katika kuu kwanza, ili mrithi asije akaitwa kwa lugha asiyoijua. Tena iko hati ya mti wa vifaa, ambayo humweleza mrithi kumbukumbu ni kiasi gani na vifaa viko wapi. Hati hiyo huandikwa kuu kwanza siku zote, hata aliyeiandika na atakayeisoma wakiwa wote wa mamoja kwanza. Hufunguliwa kwa alama ya d00dfeed. Atakayeiona kama edfe0dd0 ajue kwamba amesahau kugeuza.

Prosesa za ARM za biti 64 zimefuata adabu nyingine. Kichwa cha faili la kiini cha Linux kina biti ya kutaja mpango wake: 0 kwa mamoja kwanza, 1 kwa kuu kwanza. Kiini kinachoondoka chaweza kuisoma biti hiyo mlangoni, na ikiwa mgeni ni wa mpango mwingine, na prosesa haiwezi kuufuata, humkatalia kabla ya kumwachia nyumba.

Sasa mfasiri ajiweke mahali pa fundi. Kitabu kinamwambia: "Kiini kikiwa cha mwisho mkubwa, biti iwe 1." Fundi ana kiini ambacho baiti yake kuu hukaa mwisho. Ataandika 1. Kwa kiini hicho ilipaswa kuwa 0. Hakusoma vibaya, alisoma Kiswahili kilicho mbele yake. Andika "Kiini kikiwa cha kuu kwanza, biti iwe 1", na fundi huyo huyo ataacha 0 bila kumuuliza mtu.

Yako maneno mengine ya kazi hii yanayohitaji jicho. "Kuwasha upya" halifai, kwa kuwa hapa hakizimwi kitu wala hakiwashwi. Umeme uko vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. "Kuamsha" lafaa kwa kiini kinachokuja, lakini halisemi lolote juu ya kinachoondoka, na kinachoondoka ndicho chenye wajibu mzito zaidi. Twaona kurithisha lafaa: kiini kimoja hurithisha mashine, na tuseme mtangulizi na mrithi. Mtu mmoja alitupendekezea kung'atuka, neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilitia katika siasa zetu alipokuwa akiuacha urais mwaka 1985. Lapendeza, na kwa mtangulizi aliyepanga mambo kabla ya kuondoka lina ukweli ndani yake. Halitafaa kwa kiini kilichoanguka ghafula, maana hicho hakikung'atuka.

Baina ya mtangulizi na mrithi hukaa programu ndogo sana, ambayo kazi yake ni kukagua kwamba kiini kilichopakiwa hakikuharibika na kumwekea mrithi rejista zake. Waandishi wake waliipa jina la mahali ambapo, katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, roho hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Mfasiri asihangaike: Wakatoliki wetu wamekuwa wakisema toharani kwa miaka mingi, na neno hilo limebeba kila kitu, mpito, ukaguzi na usafi. Mzaha huu wa Kiingereza umevuka salama kwa sababu Kiswahili kilikuwa na chumba tayari. Ule wa yai haukuwa nacho.

Limebaki jina la mpango wa tatu. Mashine ya PDP-11, iliyotoka mwaka 1970, ilipanga baiti mbili mbili kwa mamoja kwanza, lakini programu zake zilipoandika hesabu ya baiti nne ziliitanguliza jozi ya juu. Baiti ambazo kwa kuu kwanza zingekuwa moja, mbili, tatu, nne, zikakaa mbili, moja, nne, tatu. Ni tarehe ya Kimarekani katika umbo la chuma. Mashine hizo zimekwisha kustaafu, ila faili zake za zamani bado hufunguliwa na watu wa nyaraka, nao wanahitaji neno. Wakulima wana kilimo mseto na wanasiasa wana serikali ya mseto. Tuuite mpango mseto.